Kunawa mpira unaoingia golini kuhesabiwe GOLI! Penalti ni zawadi kwa mkosaji

Wakuu,

Nimekasirika na sitaficha. Kuna uzi humu watu wanapishana kumsifia Luis Suárez, mshambuliaji wa Uruguay, kwa kunawa mpira uliokuwa unaingia golini dhidi ya Ghana 2010, eti alijitoa mhanga kwa ajili ya nchi yake, eti huo ndio ujanja wa mpira. Na wanaosifia ni Waafrika wenzangu!

Kwa waliokuwa wadogo: tarehe 2 Julai 2010, Soccer City, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia. Ghana 1, Uruguay 1, muda wa nyongeza unaisha. Stephen Appiah anapiga, Suárez anaokoa kwa mguu kwenye mstari. Hiyo halali, sina neno. Mpira unarudi, Dominic Adiyiah anapiga kichwa, kipa ameshatoka golini, mpira unaingia. Suárez akaupangua kwa mikono. Mwamuzi kutoka Ureno hakukosea kitu: kadi nyekundu, penalti. Ugomvi wangu si naye, ni na sheria aliyopewa aisimamie.

Kabla ya mikono ile Ghana walikuwa na goli. Baada ya mikono ile wakapewa nafasi ya kutafuta goli. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa, jamani! Karibu robo ya penalti hukoswa, kila anayefuatilia soka anajua. Asamoah Gyan akagonga mtambaa wa panya, Suárez akashangilia huko alikokuwa akitolewa, na Uruguay wakashinda kwa matuta (mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi) 4-2. Afrika ikasubiri hadi Morocco 2022 kuingiza timu nusu fainali.

Adhabu ya Suárez? Mechi moja. Akaikosa nusu fainali na Uholanzi, kisha akarudi kucheza ya mshindi wa tatu na Ujerumani. Mwaka 2022 alipoulizwa, akakataa kuomba radhi, akasema aliyekosa penalti ni Mghana. Inaniuma kwamba hata sisi tunasema hivyohivyo. Mpaka leo anayebebeshwa lawama ni Gyan, kijana ambaye dakika chache baadaye alirudi palepale kwenye matuta akapiga na kufunga. Aliyenawa anaitwa shujaa!

Msiniambie haiwezekani kubadilisha. Kwenye mpira wa kikapu, ukiugusa mpira unaoshuka kuelekea ringi, pointi zinahesabiwa, hakuna mjadala. Kwenye raga, ukizuia kwa faulo trai (bao la kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli) ambayo ingepatikana, mwamuzi anakwenda katikati ya nguzo na kutoa trai ya penalti: pointi 7, bila hata kupiga mkwaju wa nyongeza, na mkosaji analimwa kadi juu yake. Soka ndiyo inamwambia aliyenyang'anywa akajaribu tena.

Najua mtakuja na hoja ya "mwamuzi atajuaje kama ungeingia?" Mbona tayari anaamua? Kadi nyekundu ile hutolewa kwa sababu mwamuzi ameridhika kwamba goli limezuiwa. Kama ana uhakika wa kumtoa mtu uwanjani, anakosaje uhakika wa kuandika goli? Mwaka 2010 hakukuwa na VAR, yaani waamuzi wa video, leo ipo. Na sisemi kila mpira unaogusa mkono ndani ya kumi na nane uwe goli, hapana. Nasema ule ulionawiwa makusudi ukiwa unaingia, kipa ameshapitwa. Ni matukio machache mno, lakini moja tu linatosha kuiondoa timu kwenye Kombe la Dunia.

Wenye sheria ni IFAB, bodi inayotunga sheria za soka duniani. FIFA wana kura 4, na England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini kila mmoja ana moja. Kura 6 zinatosha kubadilisha. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ina wanachama 54 ndani ya FIFA, na chama chetu cha soka kimo humo. Kwa nini hawalipeleki jambo hili huko na kuling'ang'ania?

Anayepinga anijibu hili moja: raga wameweza, sisi tunashindwa nini?