Tupeane uzoefu: fainali gani ya mpira huwezi kuisahau, na ulikuwa umekaa na nani?

Kiti cha Nyuma:
Wakuu, juzi mwanangu kaniuliza mbona mechi ikifika patamu mimi nasimama mlangoni badala ya kukaa kwenye kochi kama watu wengine. Ikabidi nimsimulie usiku wa tarehe 25 Mei 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kule Istanbul, Liverpool na AC Milan, na nilipomaliza nikaona niulete huku. Sharti moja tu: matokeo tunayajua, msituletee matokeo matupu. Tuleteeni benchi mlilokalia, jirani aliyewaziba, na nani alilipa kiingilio.

Naanza mimi. Morogoro, niko darasa la sita. Baba mdogo alikuwa Liverpool wa kufa, akanipeleka kibanda umiza kilichokuwa nyuma ya soko. Kwa wasiokijua: mabati juu, mabati ubavuni, mabenchi ya mbao zilizobaki kwenye ujenzi, televisheni moja imefungiwa ndani ya nondo kama mfungwa, na watu mia na kitu wanapumuliana shingoni. Wakubwa shilingi 200, watoto 100 na tunakaa mbele kwenye vumbi. Mlangoni kumeandikwa kwa mkaa: UKITOKA UMETOKA. Hata haja ndogo, ukitoka unalipa upya.

Mpira ulianza saa 3:45 usiku, maana Istanbul na sisi saa zilikuwa zinalingana. Dakika ya kwanza tu Maldini wa Milan kaweka. Kabla ya mapumziko Crespo kaongeza mawili. Baba mdogo hakusema neno. Alinyanyuka, akavaa kofia yake, akaniinamia: "Wewe baki, hela imeshaliwa." Akaondoka. Nikabaki peke yangu katikati ya mashabiki wa Milan wa usiku mmoja, watu ambao asubuhi yake hawakujua Milan iko nchi gani.

Kilichofuata mnakijua. Gerrard kwa kichwa dakika ya 54, Smicer ya 56, Alonso ya 60 baada ya Dida, kipa wa Milan, kuipangua penati yake na yeye kuurudia. Kelele za banda zilifika barabarani, na katikati ya kelele nikasikia bati la mlango linagongwa. Ni baba mdogo, anahema kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Mwenye banda kaweka mkono mlangoni.

"Kiingilio."
"Mimi si nimelipa?"
"Soma mlangoni."

Tena bei ilikuwa imepanda, shilingi 300. Yule bwana angepewa wizara ya fedha tungekuwa mbali. Baba mdogo akalipa, akabanana na watu mpaka nikamwona. Lakini dakika 120 zilipokwisha wakaanza kujipanga kwa matuta, zile penati za kuamua mshindi, akanyanyuka tena. Safari hii si kwa hasira. Miguu ilikuwa inamtetemeka. Akatoka nje.

Mtu mzima nimeurithi ugonjwa huo huo. Matuta siyaangalii nikiwa nimekaa. Haya, nani anafuata?

Mzee wa Redio:
Na sisi ambao fainali tulizisikia tu, mnatuweka wapi?

Temeke, Novemba 1993. Simba wamefika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Kule ugenini wametoka sare, sifuri kwa sifuri, na marudiano ni kwetu Uwanja wa Taifa, huu unaoitwa Uhuru sasa. Mji mzima ulishakabidhi kombe. Bara wakati huo hatukuwa na televisheni, kwa hiyo aliyekosa tiketi alikuwa na Radio Tanzania na Mungu wake. Baba alikosa tiketi.

Sasa tatizo la nyumba yetu: baba Simba, mama Yanga. Baba akamwomba mama apike pilau la ubingwa, tule na majirani baada ya filimbi ya mwisho. Mama hakubisha hata kidogo, na mimi hapo ndipo ningeshtuka kama ningekuwa na akili. Alichambua mchele akiimba.

Stella wakafunga la kwanza. Wakafunga la pili. Rais Mwinyi mwenyewe yuko uwanjani, anaona. Kilichonishangaza ni kwamba tulikaa karibu na uwanja kiasi cha kusikia shangwe kwa masikio kabla mtangazaji hajamaliza sentensi, na siku ile tulisikia kimya. Kimya kilikuwa kinafika kwetu kabla ya habari. Baba alizima redio mpira haujaisha.

Mama akapakua sinia tatu, akaita watu. Hakuna aliyesogea. Akasimama mlangoni na upawa mkononi: "Jamani, na pilau nalo limefungwa?"

Lile pilau lilienda nyumba ya tatu, kwa wana Yanga wenzake. Baba alikaa siku tatu hasemi naye. Wote wawili marehemu sasa. Nikisikia harufu ya binzari nyembamba, huwa nacheka peke yangu.

Kijana wa Jangwani:
Mzee, mama yako namheshimu bila kumjua.

Mimi ni Mei 28, 2023, Uwanja wa Mkapa, sisi Yanga na USM Alger ya Algeria, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Waarabu wanaongoza moja. Dakika ya 82 Mayele anasawazisha. Jirani yangu, jitu la miraba minne ambalo sikuwahi kuliona maishani, likaninyanyua juu. Tukakumbatiana. Hatujaachiana bado, dakika ya 84 wakatupiga la pili. Tukabaki vilevile tumekumbatiana, sasa kama watu walio msibani. Jina lake sikuliuliza.

Wiki iliyofuata Algiers tukashinda moja bila, kwa penati ya Djuma Shaban dakika za mwanzo kabisa. Jumla mbili kwa mbili, kombe likabaki kwao kwa goli la ugenini: wao walifunga mawili kwetu, sisi moja kwao. Dada yangu asiyefuatilia mpira akatukuta sebuleni: "Mbona mnalia na mmeshinda?" Jaribu wewe kumweleza mtu kanuni ya goli la ugenini usiku wa manane huku kamasi zinakutoka. Mpaka leo anaamini tulionewa na refa, nami nimeacha kumrekebisha.

Mnyama Mpole:
Nilitaka kukucheka hapo juu, nikaikumbuka Amaan, Zanzibar, tarehe 25 Mei 2025, sisi Simba na Berkane ya Morocco, fainali hiyo hiyo, na kombe likaenda kwao. Nimenyamaza.

Kunguru wa Kamalondo:
Salamu kutoka Lubumbashi, mnisamehe Kiswahili chetu.

Desemba 2010 TP Mazembe yetu ilikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la vilabu. Nusu fainali wakawapiga Internacional ya Brazil mbili bila. Ilikuwa mara ya kwanza timu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini kufika fainali ile, na fainali yenyewe ni Inter Milan ya Eto'o.

Kwetu tulikuwa watu kama thelathini katika chumba cha yaya wangu (kwetu yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa), dirisha limeondolewa ili walioko uani nao waone. Nyanya yangu alikuwa hajawahi kukaa mbele ya mechi. Alikuja kwa sababu alisikia kuna mtu wetu anafanya vituko: golikipa Kidiaba, yule ambaye tukifunga anakaa chini na kurukaruka kwa makalio uwanjani. Nyanya akauliza, "Huyu naye anatembeaka na matako?" Akaambiwa ndiyo, subiri tufunge utaona.

Akasubiri. Dakika ya 13 Pandev. Dakika ya 17 Eto'o. Kila wakivuka nusu ya uwanja nyanya anauliza, "Ni sasa?" Si sasa, nyanya. Mwishoni Biabiany akatia la tatu. Nyanya akalala akiwa amekasirika, si kwa sababu ya kufungwa. Alidai tumemdanganya.

Februari 2012, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Zambia na Ivory Coast wakaenda matuta kule Libreville, na aliyepiga lile la mwisho, la nane kwa saba, ni Sunzu, beki wetu wa Mazembe. Tulishangilia kama kombe ni la kwetu Katanga. Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndiyo hapo tu. Wazambia wale walikuwa wamekwenda kwanza ufukweni kuweka maua, karibu na pale ndege ya timu yao ilipoanguka mwaka 1993. Mdogo wangu akaanza kurukaruka kwa makalio sakafuni kwa heshima ya Kidiaba. Nyanya akashika tama: "Kumbe ni kweli."

Binti wa Baraza:
Nanyi mwafikiri nyanya wa Mombasa wako nyuma?

Mji wa Kale, Julai 2006, fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Italia. Televisheni twaigeuza ielekee dirishani, wanaume wako barazani nje, sisi wanawake ndani na kahawa na kashata. Nyanya hajui mpira, lakini kaambiwa Zidane ni Muislamu mwenzetu, basi. Akimwona tu: "Huyo mwanangu huyo." Alipopiga ile penati ya kuchota ikagonga mwamba na kuingia, nyanya akapiga kigelegele kilichowaamsha watoto wa jirani.

Ilipofika ile dakika ya 110, Zidane akampiga Materazzi wa Italia kwa kichwa kifuani. Nje wote wameshika vichwa, "Zidane amefanya nini! Zidane amefanya nini!" Nyanya ndani ametulia tuli, anamimina kahawa. Akasema, "Huyo katukaniwa mamake. Mwacheni."

Siku chache baadaye Zidane mwenyewe akahojiwa kwenye televisheni, akasema alitukaniwa mama na dada. Materazzi kwa upande wake alisema ni dada tu. Kwetu nyumbani halikuwa na mjadala, hukumu ilishatoka siku ile ile. Tangu hapo nyanya akawa ndiye mchambuzi wetu, na wanaume wa barazani walikuwa wakija kumuuliza kabla ya mechi.

Wa Kabalagala:
Sijui kama hii ni pahala pake. Nimeisoma tangu juu, nimecheka, nikaona niandike tu.

Tarehe 11 Julai 2010 nilikuwa mwanafunzi Kampala. Kombe la Dunia liko Afrika kwa mara ya kwanza. Tulikuwa wanne chumbani, wawili kutoka Arusha, mmoja wa Kisumu na mmoja wa pale pale, na tulishapanga fainali twende uwanja wa raga wa Kyadondo kwenye skrini kubwa. Mimi nikaamka na malaria. Mwenzangu wa Arusha akasema hawezi kuniacha na homa, atabaki ananipikia uji. Alinuna kweli, nakumbuka alivyokuwa anakoroga. Wawili wakaenda.

Mpira ulikuwa unakaribia mwisho, bado hakuna goli, simu zikaanza. Kwanza tuliambiwa bomu hapa kwetu Kabalagala, kwenye mgahawa wa Ethiopian Village. Halafu Kyadondo. Tukapiga, hazishiki. Tukapiga, hazishiki. Televisheni inaendelea, vuvuzela zinalia, hakuna aliyekumbuka kuizima. Usiku ule walikufa watu zaidi ya 70, waliokwenda kuangalia mpira tu.

Mmoja wetu alirudi alfajiri kwa miguu, kiatu kimoja. Wa pili tulimpata hospitali ya Mulago mchana, amelazwa. Alipona. Goli la Iniesta, lile lililoipa Uhispania kombe usiku ule, niliona mara ya kwanza miaka minne baadaye, waliporudia picha za nyuma kabla ya Kombe la Brazil. Nilikuwa nimekaa na watu, wakashangaa nimetoka nje.

Yule wa uji hadi leo tunapigiana simu kila tarehe 11 Julai. Hatuongelei mpira.

Kiti cha Nyuma:
Ni pahala pake, ndugu. Asante kwa kuileta.

Mpemba wa Muscat:
Poleni sana. Nami niweke yangu, ni nyepesi.

Desemba 18, 2022, fainali ya Kombe la Dunia, Argentina na Ufaransa. Mie Muscat, kazini kwa zamu, mpira naangalia kwenye simu kwa intaneti. Ndugu zangu Wete, kwetu Pemba, mbele ya dishi. Kwao saa 12 jioni, kwangu saa 1 usiku. Tukawasha simu ya pili tuzungumze kama tumekaa pamoja na mama. Mie Argentina, kaka yangu Ufaransa ya Mbappe. Mbili bila, mie natamba, mama anacheka.

Ambalo hatukulijua ni kwamba picha yangu ilikuwa nyuma ya yao kwa kama nusu dakika. Kaka akapiga ukelele. Mie kwenye simu bado naona Wafaransa wanajipanga kupiga penati. Nangoja, naona imeingia. Kabla sijameza mate, ukelele wa pili. Nikamwambia, "Wacha upuuzi, goli ni lile moja." Akasema, "Ngoja tu, utakuja kuliona." Nikangoja. Nikaliona. Dakika ya 80 na ya 81.

Basi mpaka muda wa nyongeza ikawa natazama mambo yaliyokwishapita. Mwishoni kabisa Kolo Muani wa Ufaransa kabaki na kipa peke yake, Wete kimya, si ukelele si nini. Nikajua Martinez, kipa wetu, kaokoa kabla mpira haujafika miguuni mwa Kolo Muani. Matuta yalipoanza mama akamnyang'anya kaka simu, akaenda nayo chumbani, akafunga mlango. "Zungumza nami mwanangu, huko waachie wenyewe." Tukazungumza habari za karafuu mpaka nilipoona kwenye kioo changu Argentina wanashangilia.

Mwali wa Kihesa:
Mleta mada, umetuacha njiani. Baba mdogo aliyatazama yale matuta au hakuyatazama? Na aliingia mara ya tatu kwa bei gani?

Kiti cha Nyuma:
Hakuingia. Kulikuwa na tundu la msumari kwenye bati la ubavuni, akaweka jicho hapo. Dudek, kipa wa Liverpool, alipoipangua ya Shevchenko na kombe likawa letu, banda zima lilisikia mtu anapiga mayowe nje ya ukuta. Mwenye banda akatoka, akamzunguka kwa nyuma, akamgonga begani. Akamdai shilingi 100 ya jicho moja.

Akalipa.