Maabara ya Kayole: leseni ya mwingine, sindano kwa mwingine

Wadau, nina hasira hadi mikono inatetemeka. Mamangu ana miaka 61. Mwezi uliopita alikuwa anachoka ovyo, kiu haimwishi, usiku anaamka kukojoa mara nne, tano. Akaingia maabara moja hapa Kayole, Nairobi, ya chumba kimoja chini ya ghorofa. Kijana wa koti jeupe akamtoa damu, akapima Widal, kile kipimo cha taifodi, na baada ya dakika 15 akamwambia, "Mathe, una taifodi." Sindano siku saba, Sh3,500.

Siku ya tisa tulimbeba usiku kumpeleka hospitali, hajitambui. Sukari ya damu ilikuwa imepanda hadi 29. Jameni, kiu na mkojo namna ile, si angemdunga kidole tu apime!

Nikarudi kule kuulizia leseni. Kweli iko ukutani, kwenye fremu, lakini jina ni la mwanamke. Kijana akasema mwenyewe huja wikendi. Nikamuuliza yeye alisomea wapi. Kimya, kisha akaniomba nisimharibie kazi. Kazi! Na mamangu je?

Hiyo Widal nayo inatafuta kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza ukipambana na ugonjwa, kwa hivyo hata aliyewahi kuugua au kuchanjwa zamani anaweza kuonekana mgonjwa. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu kuona kama kuna vijidudu vinavyomea, na huchukua siku kadhaa. Hapa kwetu kwenye ploti karibu kila mtu ameshatibiwa taifodi.

Sheria ya watu wa maabara iko tangu 1999. Bodi yao, KMLTTB, iko, inasajili na kutoa leseni. Sheria ya Afya ya 2017 ikaleta mamlaka nyingine ya kuzisimamia bodi zote za afya. Sasa mimi nikiwa nimekunja mkono wa shati, nitajuaje kwamba anayeshika sindano ndiye aliyesajiliwa? Bodi ya dawa iliweka nambari kwenye maduka ya dawa, unaituma kwa SMS unajibiwa kama duka ni halali. Maabara nazo ziwekewe, na nambari iwe ya mtu mwenyewe, kifuani, pamoja na picha yake. Ya chumba haitoshi.

Naandikia bodi wiki hii. Aliyewahi kupeleka malalamiko akaitwa kutoa ushahidi, aniambie alibeba nini, kwa sababu risiti niliyo nayo imeandikwa kwa kalamu na haina muhuri.