Mjadala: Mtafiti wa uzamivu akishamhoji kijana juu ya ukatili, anamwachia nini?

Mtoa Hoja: Wanajamvi, habari za jioni. Ninasoma shahada ya uzamivu ya saikolojia katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na utafiti wangu unahusu ukatili na kiwewe, yaani jeraha la moyoni linalobaki baada ya tukio baya, miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 24 wa Mbagala na Manzese, maeneo ambayo yamekwisha kuzoea ukatili kuliko sehemu nyingine za jiji. Dodoso linauliza iwapo kijana amewahi kupigwa, kuingiliwa kwa nguvu au kushuhudia mtu akiuawa, kisha linapima dalili: jinamizi, kushtuka ovyo, kukwepa mahali jambo lilipotokea. Kibali cha maadili ninacho, na kwa walio chini ya miaka 18 ninachukua ridhaa ya mzazi. Ninachouliza ni hiki: je, ni haki kumfanya kijana asimulie mambo ambayo hajapata kumwambia hata mama yake, kisha nikampa soda na nauli nikaenda zangu, hali ninajua kwamba mtaani kwake hakuna mnasihi wa kumsikiliza kesho yake? Baadhi ya wenzangu wanashikilia kwamba kazi ya tasnifu ni maarifa, na tiba ni kazi ya Wizara ya Afya. Mnasemaje?

Mkazi wa Rangi Tatu: Dada, nilikuwa ninakufuata vizuri hadi nilipofika kwenye "yamekwisha kuzoea ukatili". Nimezaliwa Mbagala, nimesomea Mbagala, na wanangu ninawalea huku huku, wala sijamwona aliyezoea. Kama jibu unalo kabla ya kuuliza, dodoso unalibeba la nini? Wakati wa taharuki ya Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji, mwaka 2015, na tena mwaka 2022, vijana wetu wote walionekana majambazi. Sasa mmekuja na lugha ya hospitali, kwamba wote ni wagonjwa. Mbona hatusikii habari za kiwewe cha vijana wa Masaki, kule kwa matajiri?

Mnasihi wa Ilala: Tusimwache dada na swali lake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2001 juu ya kutafiti ukatili dhidi ya wanawake, na hoja yake inawafaa vijana pia: mhojaji awe amefundishwa kumwelekeza anayehitaji msaada, na pale ambapo huduma ni chache, huenda utafiti wenyewe ukalazimika kuandaa msaada wa muda. Kwa hiyo "tiba ni kazi ya Wizara" ni kauli ya mtu anayetaka kumaliza tasnifu haraka. Kuuliza peke yake si sumu, kwani washiriki wengi wa tafiti za namna hii, wakiulizwa baadaye, husema hawajutii kuhojiwa. Lakini wapo wachache wanaofadhaika, na hao ndio wa kuandaliwa mapema. Karatasi yenye namba 116 haitoshi. Hiyo ni simu ya watoto. Huyo wa miaka 22 utampeleka wapi?

Ninaongeza moja kwa ndugu yetu wa Rangi Tatu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 2011 na UNICEF, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulikuta kwamba karibu wasichana 3 katika 10 na mvulana 1 katika 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walipigwa ngumi, mateke au kuchapwa. Hiyo ni Tanzania nzima, si Mbagala.

Mwalimu Mstaafu: Robo tatu! Na ndani ya hiyo robo tatu mmeihesabu na fimbo ya mwalimu. Kama kila aliyechapwa ana kiwewe, basi taifa zima tupakiwe kwenye mabasi tupelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na madaktari wenyewe wakiwa abiria wa kwanza. Nimefundisha Temeke miaka mingi, na wanafunzi wangu wananisimamisha Kariakoo kunishukuru.

Mnasihi wa Ilala: Mwalimu wangu, shikamoo. Hakuna aliyesema kwamba kila aliyechapwa ni mgonjwa. Ndiyo maana dodoso la dada lina sehemu mbili, ya matukio na ya dalili, kwa sababu wengi hupatwa na tukio na dalili zikaisha zenyewe. Na wale wasiokushukuru, Mwalimu, hawakusimamishi Kariakoo, wanavuka barabara.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba, ingawa ulimi wako mkali. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na vikaandikwa kitabuni. Sheria imenilinda.

Mkazi wa Rangi Tatu: Mwalimu, katika miaka yangu yote ya shule, hicho kitabu sikupata kukiona. Mwaka 2018 mwanafunzi wa darasa la tano kule Bukoba alikufa baada ya kipigo, na mwaka uliofuata mwalimu akahukumiwa kunyongwa. Sidhani kama kitabu kilihusika. Lakini turudi kwenye langu, maana robo tatu ya nchi imenipa haki. Kama jambo ni la kila mahali, kwa nini tasnifu zinakuja kwetu tu?

Mtoa Hoja: Kaka, jibu halina dharau ndani yake. Nikiwa na barua ya manispaa na ya mtendaji wa kata, Mbagala mwenyekiti wa serikali ya mtaa hunipa mjumbe, na mjumbe hunipeleka nyumba kwa nyumba. Upande wa Masaki nilikutana na mlinzi, akaniambia niache namba ya simu.

Mama wa Msasani: Na mimi ni wa upande huo wa mageti, nawe hukufika kwangu, mwanangu. Ungefika ningekuonyesha vijana unaowatafuta. Humu ndani ya kuta hizi kuna mabinti wa kazi wa miaka 15 na 16, waliotoka Singida na Iringa, wanaolala jikoni, na usiku tunasikia tunayoyasikia. Wewe unatafuta kijana wa Masaki ukimfikiria mtoto wa mwenye nyumba. Sasa nikuulize: binti huyo ridhaa yake utamwomba nani? Mzazi yuko kijijini. Mwajiri si mlezi wake, na pengine ndiye anayempiga.

Mwanasheria wa Kinondoni: Mama ameuliza swali zito kuliko la mwanzo. Kamati ya maadili inaweza kuombwa isamehe ridhaa ya mzazi pale inapoonekana kwamba kuiomba kutamhatarisha mtoto, na hoja hiyo inagusa hata Mbagala, kwani mzazi anayetia sahihi huenda ndiye mkatili anayetajwa ukurasa wa tatu wa dodoso. Lakini liko jingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Dada, fomu yako inaahidi siri. Binti wa miaka 16 akikuambia kwamba jana usiku baba mwenye nyumba aliingia jikoni, utaishika ahadi au sheria?

Mtoa Hoja: Fomu inasema kwamba majibu hayataonyeshwa kwa mtu yeyote.

Mwanasheria wa Kinondoni: Basi umeahidi usichokimiliki.

Mnasihi wa Ilala: Wanaofanya kazi hii vizuri huandika wazi kwamba siri italindwa isipokuwa mtoto akiwa hatarini, na humsomea hivyo kabla ya swali la kwanza. Na kuhusu kukosa wanasihi, dada, usikate tamaa mapema. Moshi na Bungoma, Kenya, watafiti waliwafundisha watu wa kawaida wasio wataalamu kuwatibu kwa mazungumzo nusu ya watoto yatima 640, nusu nyingine wakiachwa na huduma ya kawaida, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mara tu baada ya tiba faida ilionekana katika sehemu nyingi. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilibaki upande wa Kenya, kwa kuwa huku kwetu hata wale wa huduma ya kawaida walikuwa wamepata nafuu. Bajeti yako ikitenga fedha za kuwafundisha wawili au watatu wa mtaa huo huo, umeanza.

Mwalimu Mstaafu: Bajeti ya mwanafunzi? Mnamjua mwanafunzi wa uzamivu nyinyi? Hata karatasi za dodoso anachapisha kwa mkopo.

Mtoa Hoja: Ahsante, Mwalimu, angalau wewe umenisikia. Sentensi ya "isipokuwa mtoto akiwa hatarini" nitaiombea kibali cha marekebisho, na Msasani nitaiongeza ikiwa Mama atanipokea.

Mama wa Msasani: Njoo Jumapili, ndiyo siku wanayotoka kwenda kanisani. Nyumbani usije.

Mkazi wa Rangi Tatu: Niambieni basi, wasomi. Binti akisomewa kwamba jambo lake litafikishwa serikali ya mtaa, ambako mwenyekiti na mwajiri wake wanafahamiana, atajibu kwamba hajapata kupigwa hata kofi, na tasnifu itaandika kwamba Msasani ukatili ni mdogo kuliko Mbagala.