Kuasili ndugu wawili wakubwa kutoka Zambia

Mama wa Uyole, Mbeya: Habari zenu. Mimi na mume wangu tunataka kuasili watoto wa marehemu mdogo wake, binti wa miaka 13 na kaka yake wa miaka 15, wanaotunzwa na jirani huko Nakonde, ng'ambo ya Tunduma. Wakwe wanashauri tumchukue binti peke yake, kwa kuwa kijana amekwisha kukua. Naomba ushauri.

Mlezi, Iringa: Pole kwa msiba, dada. Tafadhali msiwatenganishe. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inataka ndugu walioshikamana wakae pamoja, isipokuwa pakiwa na hatari ya wazi ya kudhulumiwa au sababu nyingine kwa maslahi yao. Niliowalea mimi walikuwa wawili, na mdogo hakugusa ugali mpaka kaka yake aketi karibu naye. Waulizeni watoto wenyewe, maana umri huo wana maoni yao.

Wakili, Mbeya: Msiwavushe mpakani kimyakimya, hata kama ni damu yenu. Anzeni na ofisi za ustawi wa jamii za pande zote mbili. Zambia imejiunga na Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili, ambao nchi wanachama hutambuliana amri za kuasili, lakini Tanzania haijajiunga. Kwa hiyo ulizeni mapema amri ya huko itatambuliwaje hapa, ambako amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu.

Mwalimu, Tunduma: Kinyamwanga kinazungumzwa pande zote mbili, lakini shuleni kwao wamezoea Kiingereza. Watafutieni mtu wa kuwafundisha Kiswahili cha darasani kabla ya muhula kuanza.