Mjadala: Je, kila mtoto wa Wales alipiwe wiki moja ya kambi ya milimani na ziwani?

Mchokoza Mada

Aprili 2024 Bunge la Wales, yaani Senedd, liliuangusha katika hatua ya kwanza muswada wa mbunge Sam Rowlands. Ulitaka kila mwanafunzi wa shule ya umma, mara moja katika miaka yake ya shule, apate kambi ya siku tano na kulala huko usiku mara nne bila mzazi kutoa chochote. Serikali ilisema fedha hazitoshi, na kwamba mtaala mpya ulioanza 2022 umeziachia shule nafasi ya kujipangia.

Naomba tuujadili upya, kwa sababu mimi nauunga mkono. Jambo hili si geni Wales. Urdd Gobaith Cymru, chama cha vijana kilichoanzishwa 1922, kina kambi Llangrannog tangu 1932 na Glan-llyn, kando ya ziwa la Llyn Tegid, tangu 1950. Outward Bound, shirika linalowafunza vijana kwa safari na michezo ya nje, nalo lilizaliwa Aberdyfi, pwani ya Wales, mwaka 1941. Kambi zipo, wakufunzi wapo. Shida ni nani anayefika.

Sheria ya elimu ya 1996 inasema safari ya saa za masomo haitozwi ada, isipokuwa chakula na malazi, na familia zinazopokea misaada fulani ya serikali zinasamehewa hata hiyo. Kwenye karatasi ni haki tupu. Lakini kinachobaki shule inakiomba kama mchango wa hiari, na michango isipotimia safari inafutwa. Kwa hiyo shule ya mtaa wenye uwezo inakwenda kila mwaka, na ya mtaa maskini haitangazi kabisa, maana mwalimu mkuu anajua jibu kabla hajauliza.

Zamu ya Usiku

Mkuu, umegusa malazi na safari ukamsahau mwalimu. Mkataba wa mwalimu Wales unahesabu saa 1,265 kwa mwaka ambazo anaweza kupangiwa kazi. Kukesha kambini hakumo. Safari zote tunazozisifia zinakwenda kwa sababu walimu wanajitolea, na mwenye watoto wadogo nyumbani hajitolei. Ukigeuza hisani kuwa wajibu wa kisheria, lazima uilipe.

Halafu kuna majira. Kila shule inataka Mei hadi Julai. Ukizipa shule zote haki hiyo, lazima baadhi ziende Desemba na Januari. Katikati ya Desemba mwanga wa mchana Wales haudumu hata kwa muda wa saa nane. Toa muda wa kuvaa, wa kusafiri hadi mtoni na wa kukausha vifaa: unabaki na kipindi kimoja cha maana kwa siku. Huo ndio usawa tunaoudai?

Na tusisahau Lyme Bay. Machi 1993 vijana wanne walikufa baharini, kusini mwa Uingereza, wakiwa kwenye safari ya kayaki na kituo cha michezo. Sheria ya 1995 ilitokana na msiba ule. Tangu hapo anayeuza michezo ya maji, mapango, majabali na safari za milimani kwa walio chini ya miaka 18 anahitaji leseni. Ila shule inayowapeleka wanafunzi wake yenyewe haihitaji. Ukiongeza watoto kwa maelfu bila kuongeza wakufunzi, shule zitaanza kujipelekea zenyewe, na hapo ndipo ninapoogopa.

Kafi na Kamba

Hoja ya wakufunzi ni ya kweli. Ila tuangalie kwanza mtoto anapata nini huko, ndipo tujue kama siku tano ni nyingi au kidogo.

Chukua zoezi la kuunda chelezo pale Llyn Tegid. Kundi la watoto wanane linapewa mapipa manne ya plastiki, nguzo sita na kamba. Mkufunzi anaonyesha fungo moja tu: zungusha kamba mara tatu kwenye makutano ya nguzo, kisha ipitishe katikati ya nguzo hizo mara mbili ukikaza, ndipo ufunge. Kosa ni lile lile karibu kila mara: wanaruka hatua ya katikati kwa sababu fungo linaonekana limeshika. Nchi kavu linashika kweli. Majini nguzo zinacheza, kamba inateleza, na pipa linachomoka kwa mbele kwa kuwa lilifungwa kiunoni tu, halikuzuiliwa kichwani na mkiani.

Kabla ya kuingia, mkufunzi anamshika kila mtoto mabega ya jaketi okozi na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au mikanda imelegea. Kisha wanaingia kwenye maji ya kiunoni, wanajilowesha na kusubiri pumzi itulie. Maji baridi yanamfanya mtu avute pumzi kwa ghafla bila kupenda, na dakika ya kwanza ndiyo ya hatari. Afadhali hilo limpate akiwa amesimama. Upepo nao unatazamwa: ziwa limelala kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, na upepo wa kusini-magharibi unalipiga kwa urefu wake wote. Asubuhi shwari, mchana mawimbi.

Sasa sikilizeni. Chelezo cha kwanza kikivunjika Jumanne, watoto wanalaumiana. Faida inakuja wakipewa mapipa yale yale Alhamisi. Yule aliyekuwa kimya ndiye anayekumbuka kamba ya katikati, na safari hii wanamsikiliza. Safari ya siku mbili haikupi Alhamisi.

Bonde la Kusini

Mimi napinga muswada na ninaipenda milima kuliko kitu chochote. Mtoto wa Merthyr Tudful, mji wa kusini, ana mlima wa Pen y Fan, mita 886, chini ya nusu saa kwa gari, na wengi hawajawahi kukanyaga kule. Unamsafirisha hadi Glan-llyn akashangae mlima ilhali mlima wake mwenyewe unaonekana nyuma ya shule! Basi la kutoka Cardiff hadi Bala, mji wa karibu na Glan-llyn, linachukua karibu saa nne. Ukitoa siku ya kwenda na ya kurudi umebakiwa na tatu.

Fedha hizo hizo zitoe siku kumi kwa mwaka, karibu na nyumbani, walimu wakirudi kulala kwao. Kutoka Pont ar Daf, pale njia inapoanzia, kupanda Pen y Fan ni mita 440 hivi, njia imejengwa kwa mawe. Mara ya kwanza watakuja na jinzi na viatu vya raba. Mvua ikinyesha jinzi inashika maji, na wakifika Bwlch Duwynt, mgongo wa mlima karibu na kilele, upepo unawatoa joto lote. Mnageuka pale pale. Mara ya tatu mtoto mwenyewe ameweka soksi kavu na suruali nyepesi ndani ya mfuko wa plastiki. Huko ndiko kujitambua, na kumemchukua mwaka mzima.

Dira

Kidogo kuhusu ahadi kwamba kambi inabadili maisha. Kozi za mwanzo za Aberdyfi zilikuwa za karibu mwezi mmoja, na desturi hiyo hiyo ndiyo iliyofika kwetu Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya. Siku tano ni kitu kingine. Tuziite siku tano, tusiziite mabadiliko ya maisha.

Kafi na Kamba

Nakubali, Dira. Lakini ndugu yangu wa Bonde, kulala ndiko kwenyewe. Fikiria mtoto wa miaka 10 anayekojoa kitandani. Huyo ndiye anayesema hapendi kambi. Kambi inayojua kazi yake inauliza kwenye fomu, inampa kitanda cha chini karibu na mlango, inaweka begi la pili la kulalia, na mwalimu mmoja anamwamsha saa tano usiku bila kuwasha taa. Asubuhi hakuna aliyejua. Akirudi nyumbani amevuka kitu ambacho Pen y Fan ya mchana haiwezi kumvusha.

Na kuna lugha. Mtoto anayesikia Kiwelshi darasani tu, Glan-llyn anapigiwa amri za kafi kwa Kiwelshi na kugombania mkate kwa Kiwelshi.

Mchokoza Mada

Basi nirekebishe pendekezo. Muswada urudi na mambo matatu ndani: saa za usiku za walimu zilipwe, shule ya kusini iruhusiwe kuchagua kambi iliyo karibu, na siku mbili kati ya kumi za Bonde zitangulie kambi, ili mtoto afike akijua soksi zake ziko wapi.

Zamu ya Usiku

Saa za usiku zikilipwa nitaunga mkono. Bado hujajibu la Desemba.

Bonde la Kusini

Wala la watoto ambao wazazi wao watakataa wasilale nje. Muswada unawapa nini hao kwa wiki ile?

Mchokoza Mada

Wapewe mchana wote wa kambi iliyo karibu na warudishwe jioni. La Desemba sina jibu zuri. Mwenye ratiba ya kambi na aiweke hapa tuihesabu.