Naomba ushauri: nianzie wapi kuwasoma walimu wa Kiyahudi?

Wakuu, habari zenu. Nina miaka 41 na kisa cha Rabi Akiva, mwalimu wa Kiyahudi wa zamani, kimeniganda kichwani. Mapokeo yanasema hakujua hata herufi mpaka miaka 40. Akaona matone ya maji yalivyotoboa jiwe, akaenda kukaa darasani na mwanawe. (Mimi mtoto akinisahihisha naona aibu!) Halafu kuna Hillel, mwalimu mwingine wa zamani, aliyeombwa kufundisha Torati yote kwa muda wa kusimama mguu mmoja: usimtendee mwenzako unalolichukia, mengine ni ufafanuzi, nenda ukajifunze. Hapo kwenye kwenda kujifunza ndipo nilipokwama. Nianze na Talmudi yenyewe (mkusanyo wa mijadala ya walimu hao) au visa vya walimu kwanza? Wayahudi wenyewe huisoma wawili wawili wakibishana. Aliyewahi kujaribu anieleze, maana peke yangu nasinzia.