Breki za umeme za tela zimekwisha: waliowahi kuzibadilisha tupeane uzoefu

MchomaKuku_Dom
Wakuu, jana natoka Kondoa nilikuwa nyuma ya semi inateremka huku matairi ya tela yanafuka moshi. Ile harufu ya lainingi ya breki inayoungua ikanikaa puani hadi nafika Dodoma, nikasema lazima nifungue uzi. Nina karavani ya zamani ya Kimarekani, ekseli mbili, nimeigeuza jiko la kuku na chipsi, naivuta Nzuguni wakati wa Nanenane na mnadani Msalato. Breki zake ni za umeme na zimelika. Nikikanyaga, tela linanisukuma kwa nyuma. Mafundi wanaingia uvunguni kutafuta bomba la oili, hawalioni, wanatoka wanakuna kichwa. Aliyewahi kuzibadilisha aje.

Kirikuu_Msafi
Uza hilo dude, nunua Kirikuu. Uzi ufungwe.

FundiKizota
Usimsikilize huyo. Bomba la oili hawalioni kwa sababu halipo. Ndani ya dramu kuna sumaku imeshikwa kwenye mkono wa chuma. Ukikanyaga breki, umeme wa volti 12 unaifikia, inajivuta kwenye uso wa dramu inayozunguka, dramu inaiburuta, ule mkono unatanua viatu vya breki vyenye lainingi vibane dramu. Basi. Ndiyo maana ukijaribu tela likiwa limesimama hubani kitu, unasikia mngurumo mdogo tu.
Ng'oa kifuniko cha grisi, spliti pini, nati, vuta dramu uangalie uso wa sumaku. Ukiona waya wa shaba umeanza kuchungulia au imelika upande, hiyo imekwisha.

Mama_Bahi
Naunga mkono. Yangu ilionyesha shaba.

Dereva_Mstaafu
Msinikumbushe hizo breki. Enzi hizo naendesha kwa wazungu wa utafiti, tunatoa karavani Iringa kuileta Dodoma. Mama mkwe wangu alikuwa anakuja kumwona mjukuu, bosi akaruhusu nimpakie. Akakaa mbele, kila mtu anatazama dirisha lake, mnajua heshima za ukweni.
Tukaanza kuteremka Nyang'oro. Nakanyaga, gari inaitika, tela haliitiki. Kona ya kwanza nikavuka. Ya pili tela likaanza kucheza, ubavu wake nauona kwenye kioo cha kushoto, mara cha kulia. Pale kwenye kiboksi cha breki, kile cha mbele ya dereva kinachopeleka umeme kwenye tela, kuna kijiti cha kubana tela peke yake, ukikivuta linanyooka nyuma yako. Nikakivuta. Kimya! Nikakivuta hadi kikagota. Nikarudisha gia ya pili, injini ikapiga kelele, na hapo mama mkwe, mtu ambaye tangu nimuoe mwanawe hatujawahi kupeana hata mkono, akanidaka shingo kwa mikono miwili, kitenge kikanifunika jicho. Nateremka mlima na jicho moja, yeye analia kwa Kigogo anawataja wazee wao wote waliotangulia. Mbele mbuzi. Sijui walitokea wapi. Nikatupia gia ya kwanza, nikalisugua tela kwenye kingo za upande wa mlima, mbao zinalia, hadi tukasimama.
Kufungua: gereji iliyotufanyia sevisi ilikuwa imerudishia oili sili za zamani, zile za kuzuia grisi isivuje. Grisi imelowanisha lainingi za upande mzima. Na waya wa hasi umeoza pale unapofungwa kwenye chesisi, unaushika unakatika kama biskuti. Kwa hiyo hata breki zilizobaki nzima zilikuwa hazipati moto.

Binti_Mpwapwa
Nimecheka hadi nimemwaga chai 😂😂 Mama mkwe baada ya hapo je?

Dereva_Mstaafu
Akatoa kitenge, akakaa vizuri, akatazama dirisha lake hadi Mtera. Hatujawahi kulizungumzia.

Kirikuu_Msafi
Hapo ulitakiwa utozwe faini ya mbuzi ukweni.

Binti_Mpwapwa
Mbuzi si walikuwepo barabarani!

MchomaKuku_Dom
Jamani turudi kwenye breki. Zangu nimefungua gurudumu moja, lainingi zina grisi. Zinasafishika?

Msomi_wa_Gereji
Zioshe kwa petroli, anika juani, piga msasa. Nimefanya hivyo miaka yote.

FundiKizota
Kwenye tela la kubeba matikiti labda. Lainingi ikishakunywa grisi, ikipata joto inaitoa tena. Tupa. Badilisha pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, la sivyo tela litavuta upande.

Msomi_wa_Gereji
Mafundi wa mitandaoni kila kitu "tupa", kwa sababu hela si zenu.

FundiKizota
Karibu Kizota uje na hilo tela lako tuteremke nalo wote. Wewe ukae mbele, mimi nibaki chini.

Mama_Bahi
Mimi nilianza kununua sumaku peke yake, springi zikawa zimechoka, mikono imelegea, nikafungua tena. Mwisho niliagiza breki kamili na sahani yake ya nyuma. Boliti, waya mbili, kwisha. Hizo waya mbili za sumaku hazina chanya wala hasi, yoyote iende popote. Ila breki ya kushoto usifunge kulia. Kiatu chenye lainingi fupi kinatazama mbele.

Singida_Alizeti
Na lile vumbi msilipulize kwa kompresa. Lainingi za zamani nyingine zina asbesto, inaua mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Kirikuu_Msafi
Vumbi la Dodoma tunalokula kila siku mbona halituui.

FundiKizota
Ukishafunga, inua gurudumu, zungusha kile kinyota cha nyuma cha kusogeza viatu kwa bisibisi hadi ligome, kisha rudisha hadi usikie linakwaruza kidogo tu. Halafu weka mita ya ampia kwenye waya unaotoka kwenye kiboksi, gari likiwa linaunguruma na kiboksi kimewekwa nguvu ya mwisho. Kila sumaku ya dramu ya inchi 10 au 12 inavuta kama ampia 3. Magurudumu manne ni kama 12. Ukiona 6, mbili zimelala, usitoke getini.

MchomaKuku_Dom
Nimepima dramu kwa ndani, inchi 10. Niagize sasa hivi?

FundiKizota
Hesabu kwanza tundu za boliti nyuma ya sahani. Za inchi 10 kwa kawaida ni nne, za 12 ni tano. Ukikosea hiyo, utazigeuza viti vya wateja wako.

MchomaKuku_Dom
Nne. Moja boliti yake imeliwa na kutu, hata spana haishiki.

Msomi_wa_Gereji
Hiyo petroli inatosha.

FundiKizota
Hiyo ni gesi mkuu, ipashe moto. Na toa kwanza mtungi wa chipsi humo ndani.